Mafunjo ya Nakivubo

Mwezi uliopita tulikuwa Kampala, watu wanne kutoka hapa Nakivale. Kabla ya kurudi tukashuka mpaka bonde la Nakivubo, upande wa Bugolobi. Jamani, ile harufu! Mfereji unabeba maji machafu ya jiji kuyapeleka Ziwa Victoria, kwenye ghuba ileile ambako mtambo wa Gaba unavuta maji ya kunywa.

Katikati yamesimama mafunjo. Maji yakipita humo polepole, tope linatuama, vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi vinakula uchafu, na mimea inafyonza nitrojeni na fosforasi. Lakini pale watu walipofyeka na kuchimba mitaro ili walime magimbi, maji yanapita mbio, hayapati nafasi ya kusafika.

Tukatazamana. Kwani sisi huku hatufyeki mafunjo ya ziwa letu, kwa ajili ya mikeka na mashamba? Na maji ya ziwa hilo ndiyo wanayokunywa watoto wetu.

Basi, tukikata, tusing'oe mizizi, na ukingoni tuache ukanda wa mafunjo. Na maji tuzidi kuyachemsha: mafunjo peke yake hayamalizi magonjwa.