Ufunguo wa Stoo

Karatasi ina maadui watatu: mchwa, mvua na uhamisho. Wawili wa kwanza kila mtu anawafahamu. Wa tatu ni mjanja zaidi, kwa sababu haharibu kitu, hukipoteza tu. Mtumishi akihamishwa wilaya, jalada lake huagizwa limfuate, na si kila jalada hufika. Ndiyo maana walimu wa rika langu tulijifunza kutunza nakala zetu wenyewe: barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo. Siku ya kustaafu, hizo ndizo zinazomsemea mwalimu. Naye akitangulia mbele ya haki, ndizo zinazomsemea mjane na watoto.

Sisi walimu wastaafu kumi na wanane tuna chama chetu kidogo cha kusaidiana katika maradhi na mazishi. Mwenzetu mmoja alipofariki, mkewe alitakiwa kupeleka barua ya ajira ya mwaka 1975. Ilipatikana chini ya godoro, imeliwa nusu, na tarehe yake ikisomeka kwa kubahatisha. Mama yule alipanda na kushuka ngazi za ofisi kwa miezi mingi. Baada ya hapo tulikubaliana kwamba karatasi za wanachama wote zipigwe picha na kuwekwa mahali pamoja. Likabaki swali moja: wapi?

Vijana wengi watajibu haraka: wingu. Google huwapa watu nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, na barua za walimu kumi na wanane hazifiki hata robo yake. Mimi sina ugomvi na nafasi hiyo. Lakini tangu mwaka 2023 kampuni hiyo ina kanuni kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Kwa kijana hilo si neno. Kwa kundi la wazee, ambao kila mwaka huenda wakazika mmoja, ni neno kubwa. Karatasi zinazohitajiwa hasa mwenyewe akiwa hayupo hazifai kufungwa kwa ufunguo anaoondoka nao.

Tena kuna habari ya njia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku kama hiyo, barua iliyohifadhiwa ng’ambo ni kama haipo. Iliyomo katika kompyuta ya chumba cha pili inafunguka kama kawaida.

Basi tukaamua kuwa na stoo yetu wenyewe. Nilimwita fundi mmoja wa kompyuta ambaye nilimfundisha darasa la saba. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mwalimu, kuiwasha ni kazi ya jioni moja. Kuitunza ni kazi ya miaka. Nani atakuwa zamu?” Nilifurahi kusikia neno zamu likitoka kinywani mwake.

Alitueleza programu tatu ambazo mtu anaweza kuziweka kwenye mashine yake bila kununua. Ya kwanza, ownCloud, ilianzishwa na Mjerumani Frank Karlitschek mwaka 2010. Mwaka 2016 aliiacha kampuni yake na kuanzisha Nextcloud, ambayo ndiyo ya pili. Aliweza kuondoka na kazi ile kwa kuwa leseni yake ni huria: nyumba iligawanyika, lakini urithi haukupotea. ownCloud yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Kiteworks mwaka 2023. Ya tatu, Seafile, inasifiwa kwa wepesi, hata kwenye mashine ndogo.

Wepesi huo una siri yake. Seafile hukata kila faili vipande vipande na kuvihifadhi kwa majina ambayo programu yenyewe ndiyo inayoyaelewa. Nextcloud, katika mpangilio wake wa kawaida, huziacha faili kwenye diski kama zilivyo, kila moja na jina lake. Ukiichomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine iwezayo kuisoma, barua ya ajira utaikuta inaitwa barua ya ajira. Kwangu mimi hilo lilimaliza mjadala. Programu inaweza kufa, fundi anaweza kuhamia mji mwingine, lakini mjukuu wa mwanachama atafungua folda na kusoma. Tukachagua Nextcloud.

Likafuata jambo la makontena. Msomaji anayajua makontena ya bandarini, yaliyoanza safari yake mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipopakia 58 kwenye meli moja. Faida yake ni kwamba kreni haihitaji kujua ndani kuna chai au vyerehani. Programu iitwayo Docker, iliyotolewa mwaka 2013, ilichukua wazo hilo hilo. Kila programu hufungwa pamoja na vikorokoro vyake vyote, nawe huiteremsha kwenye mashine yoyote iliyo tayari kuipokea. Sisi tuna mawili: moja la Nextcloud, jingine la MariaDB, ambayo ni hifadhidata inayokumbuka nani ni nani na nani ameruhusiwa kuona nini. Faili moja fupi ya maandishi hueleza yote mawili, kama ratiba ya vipindi ibandikwayo ukutani.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni hili: kontena ni la kutupwa. Likitoka toleo jipya, la zamani huondolewa na jipya huwekwa mahali pake, na chochote kilichoandikwa ndani yake huenda nalo. Kwa hiyo mali haikai ndani ya kontena. Hukaa nje, katika folda ya kudumu iliyounganishwa nalo. Fundi alipomaliza maelezo hayo nilimwambia: “Mwanangu, hilo nalijua. Mwalimu mkuu huhamishwa, daftari la kumbukumbu hubaki shuleni.” Akacheka, akasema hajawahi kusikia Docker ikielezwa kwa maneno machache hivyo.

Kuna sheria nyingine ambayo mwalimu yeyote ataipenda. Nextcloud hairuhusu kuruka darasa. Ukiwa toleo kuu la 28, huendi 30 bila kupitia 29. Kwa hiyo katika ile ratiba tuliandika namba ya toleo wazi wazi, badala ya kuiambia mashine ichukue lililo jipya kuliko yote. Asiyeandika namba anaweza kuamka asubuhi akute mwanafunzi wake kapandishwa bila mtihani.

Na kuwa na stoo si kuwa na akiba. Simu za wanachama zikiunganishwa, faili iliyofutwa kwenye simu moja inafutika kwenye stoo na kwingine kote. Kwa hiyo kila Jumapili huduma husimamishwa kidogo, hifadhidata na faili zikanakiliwa kwa pamoja kwenye diski ya pili, na diski hiyo hulala nyumba nyingine. Kila baada ya miezi mitatu tunachagua barua moja na kuirudisha kutoka kwenye nakala, ili tuone kama inasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Wapo watakaosema tumejitwisha mzigo. Ni kweli. Anayeweka mali kwa jirani hulala; anayeiweka kwake hukesha. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu kila anayeshika habari za watu wengine. Barua zile si zangu. Kwa hiyo nenosiri kuu liko katika bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja kwa mwenyekiti, moja kwa mweka hazina, pamoja na karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili chepesi. Nilisisitiza yaandikwe kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kutuona sisi wala fundi wetu.

Tulipoanza nilidhani tunachagua mashine. Kumbe mashine ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kubwa zaidi lilikuwa kukubaliana nani atazibeba karatasi za mwenzake wakati mwenyewe hawezi tena kuzibeba, na kuliandika jina lake kwenye orodha ya zamu. Mwezi huu zamu ni ya mjane yule wa barua ya 1975. Aliiomba mwenyewe.