Kuchimba Dawa

Kazi niliyoipenda kuliko zote katika wodi ya fistula ilikuwa kutembea. Tulimwingizia mgonjwa mililita 300 za maji ya chumvi kwa njia ya haja kubwa, kisha mimi naye tukazunguka uwanja wa hospitali, tukipita jikoni, chini ya mwarobaini, hadi kwenye kamba za kuanikia mashuka, kwa muda wa saa 3. Akiyazuia bila kudondosha tone, daktari alijua msuli wa kubana haja bado una nguvu, na mama huyo angeweza kushonewa mfuko wa ndani.

Wenye fistula wengi tuliwaziba tundu, wakapona. Hawa wa mfuko wa ndani walikuwa wachache ambao uchungu wa kuzaa wa siku mbili tatu ulikuwa umekiharibu kibofu, hakikubaki cha kushona. Njia nyingine ilikuwa kuutoa mkojo kwa tundu la tumboni na kubandika mfuko nje. Kwa mama anayelima mpunga Shinyanga, gundi hubanduka kwa jasho, na mifuko ikiisha hajui pa kuipata. Nilimpokea mmoja aliyeruhusiwa kwingine na mifuko 5 tu. Alisafiri kuja kwetu peke yake kwenye siti ya nyuma kabisa, abiria wamemkimbia. Tumboni alijifunga rambo kwa kamba ya katani, na ngozi imechubuka kama ya aliyemwagikiwa maji ya moto. Nilimwosha nikiwa na hasira, na hasira hiyo haijanitoka.

Daktari wetu alituchorea upasuaji ubaoni. Alianza na Nils Kock wa Göteborg, Uswidi, ambaye mwaka 1969 alieleza jinsi ya kutengeneza mfuko wa choo kwa utumbo mdogo, ukakaa tumboni, mgonjwa akaumwaga kwa mrija. Kwa mkojo, sisi tulifuata njia iliyobuniwa Mainz, Ujerumani. Sentimita 20 hivi za utumbo mpana, karibu na mwisho wake, hupasuliwa kwa urefu na kushonwa upya kuwa kama kibuyu, na mirija miwili inayotoka kwenye figo hupandikizwa humo. Utumbo usiopasuliwa hujiminya kama mkono unaokamua ng'ombe, ukaurudisha mkojo kwenye figo; ukipasuliwa, minyo hiyo hupoteza nguvu. Mkojo na choo hutoka kwa njia moja, mama anapotaka mwenyewe.

Lakini utumbo hauachi kufyonza. Hurudisha asidi ya mkojo kwenye damu, ndiyo maana wengi huhitaji vidonge vya baikaboneti. Miaka inavyokwenda, utumbo nao sharti uchunguzwe kwa kamera, kwani saratani inaweza kuota pale mirija iliposhonewa. Mgonjwa wangu mmoja aliishiwa vidonge, akaanza kulegea na kuhema haraka. Zahanati ya kijijini walimtibu malaria. Tumboni hakukuwa na cha kuwashtua, ila kovu kama la aliyejifungua kwa upasuaji. Alitufikia amechelewa, tukamzika. Mimi ndiye niliyemruhusu bila karatasi yoyote. Tangu hapo hakuna aliyetoka wodini kabla sijaandika kwa mkono barua mbili, moja ya zahanati, nyingine ya kufungwa kwenye pindo la kanga.

Wapo wenzangu waliosema anayeishi mbali na hospitali asifanyiwe kabisa. Woga wao nauelewa, nimeubeba. Ila niliketi na akina mama hao, nikawaeleza asidi, saratani na safari za kurudi maisha yote, na uamuzi nikawaachia wao.

Yule wa rambo aliuchagua mfuko wa ndani. Aliporudi kliniki baada ya miezi 6, kabla sijamkaribisha kiti alifungua pindo akanionyesha barua na vidonge 12 vilivyobaki. Ndipo akanisimulia safari.

"Sista, konda alitangaza kuchimba dawa, nikashuka na wenzangu. Nikaingia kichakani, nikarudi kwenye siti yangu ya katikati. Jirani yangu akanimegea nusu ya muhindi wake."