Tundu Chini ya Puti

Geti la kwanza nililochomelea peke yangu lilikuwa na tundu, na mimi tu ndiye niliyelijua.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada imo kwenye bahasha, na maombi yangu ya kazi hayajibiwi. Baba mdogo ana karakana Mbagala, banda la mabati kando ya barabara. Hakunihubiria. Alinipa kinyago cha kuchomelea na grenda.

Siku hiyo alikwenda Gerezani kununua vyuma, akaniachia bawaba. Zilikuwa na unene wa milimita 6. Bomba la fremu, milimita 1.5. Nikapandisha moto wa mashine ili kile kinene kiyeyuke, nikaelekeza stiki katikati ya maungio, kama nilivyozoea kwa vyuma vinavyolingana. Bomba likatoboka kabla bawaba haijaiva. Kidole kilipita.

Nikalijaza tundu kwa matone ya stiki, nikasaga, nikapaka puti na rangi nyeusi. Likapendeza.

Tulilifunga Chamazi, kwa mama mmoja mwenye watoto wawili. Hata rangi haijakauka vizuri, mmoja alishalining'inia, mwenzake anasukuma. "Asante mwanangu," mama akaniambia. "Leo nitalala."

Mimi sikulala.

Asubuhi nilisema. "Shikamoo, baba. Lile geti la Chamazi, bawaba moja nimeziba tundu kwa puti."

"Ya juu au ya chini?"

"Ya juu."

Akanyamaza. Bawaba ya juu ndiyo inayovutwa na uzito wa geti zima.

Kabla ya kuondoka alinikalisha na vipande vya mabaki. Stiki ya milimita 2.5, mashine kwenye ampea 70 hivi. "Kinene kinakunywa moto," alisema. "Chembamba hakina pa kuupeleka." Kwa hiyo moto unaanzia kwenye kinene. Kikishayeyuka, unauvuta uji wake uguse chembamba, kisha unarudi haraka. Unapiga nukta fupi, unaacha ipoe, unahamia upande wa pili. Nilitoboa vipande vinne. Cha tano kilishika. Tukakipiga nyundo, hakikuachia.

Chamazi, mama aliuliza tumerudia nini. Baba mdogo akanitazama mimi. Nikamweleza yote. Hakunitukana. Aliwaita watoto ndani, akasimama mlangoni akitutazama mpaka mwisho.

Tuliikata bawaba, tukakwangua puti na rangi mpaka chuma kikang'aa. Juu ya tundu tukaweka kiraka cha bamba la milimita 3, kikubwa kuliko kiganja, tukakizungushia nukta, na bawaba ikakaa juu yake. Nilichomelea mwenyewe. Siku nzima ya kazi ikaenda bila malipo.

Nilipochukua kopo la puti kusawazisha kingo za kiraka, baba mdogo hakusema kitu. Nikalirudisha kwenye mfuko. Nikapaka rangi tu.

Nikipita Chamazi hulitazama geti lile. Kiraka kinaonekana ukiwa barabarani.