Kampuni Ni ya Nani?

Toleo hili sina habari za mitihani wala za kutafuta ada. Nataka niwasimulie ugomvi wa kwetu, na nausimulia kwa sababu mkosaji wa kwanza nilikuwa mimi. Wenyewe wameniruhusu, kwa sharti nisitaje jina la mtu.

Mama yangu ni wa pili katika watoto wanne wa tumbo moja. Mkubwa ni Mjomba, halafu Mama, halafu Mama Mdogo, na kitindamimba ni Mjomba Mdogo. Wote ni watu wa Fizi, Kivu Kusini. Vita viliwasukuma hadi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na mimi nilizaliwa humo humo. Kambini tulikuwa tunaombana chumvi bila hata kutoka nje. Marekani ilipotupokea ikatutawanya: sisi na Mjomba tukaletwa Buffalo, Mama Mdogo akapelekwa Columbus, Ohio, na Mjomba Mdogo Louisville, Kentucky. Tukawa ndugu wa simu.

Hapa Buffalo tulifikia Riverside, kona ya kaskazini-magharibi ya jiji, kando ya mto Niagara. Ng'ambo ya maji ni Kanada. Nyumba nyingi za mtaa huo ni za mbao, ghorofa mbili, familia moja chini na nyingine juu. Wenyeji wanaziita dabo. Mwaka 2017 dabo moja karibu na Tonawanda Street ilikuwa inauzwa dola 40,000. Paa lilikuwa limechoka, lakini bei ndiyo hiyo. Mjomba, ambaye alikuwa anabeba boksi zamu ya usiku, akapiga simu kwa wadogo zake: jamani, tusimame pamoja.

Wakasimama. Mjomba alitoa 16,000, Mama 12,000, Mama Mdogo 8,000 na Mjomba Mdogo 4,000. Mama aliandika kila senti kwenye daftari la mraba, kwa kalamu ya bluu, na juu ya ukurasa akaandika: MCHANGO WA NYUMBA. Yakumbukeni maneno hayo.

Kazini kwake mtu alimwambia Mjomba kwamba asinunue kwa jina lake, afungue LLC, yaani kampuni yenye dhima yenye mpaka. Faida yake ni kwamba mpangaji akiteleza kwenye barafu mlangoni akashitaki, anaishitaki kampuni, na kwa kawaida haifikii gari lako wala akiba yako ya benki. Ushauri ulikuwa mzuri. Sasa nani ajaze fomu? Nani mwingine, si yule anayejua Kiingereza! Nilikuwa na miaka 18, mwaka wa mwisho wa sekondari. Tukakaa mezani saa nne usiku, Mjomba amevaa tayari nguo za kazi. Nikajaza jina la kampuni, wilaya ya Erie, anwani ya kupokelea barua, nikalipa dola 200. Mwishoni palikuwa na sehemu ya saini ya mtu anayewasilisha fomu. Mjomba akasema, "Saini wewe, mwanangu." Nikasaini. Dakika ishirini kazi imekwisha, nikajiona mwanasheria.

Nilichokuwa sijui ni hiki: fomu ile haiulizi wenye kampuni ni kina nani. Haiulizi kabisa. Ya Ohio na ya Kentucky nazo ni hivyo hivyo. Sisi tumezoea mambo ya nyumbani. Ukisajili kampuni ya hisa Tanzania kwa BRELA, majina ya wanahisa na hisa zao yanaandikwa. Kenya ukitaka kujua kampuni ni ya nani unaomba CR12 unasoma. Kwa hiyo cheti kilipokuja tuliamini kwamba serikali imeshatuandika. Kumbe kile cheti kinasema kampuni imezaliwa. Wazazi wake hakiwataji.

New York ina jambo jingine la ajabu. LLC mpya lazima itangazwe kwenye magazeti mawili, wiki sita mfululizo, ndani ya siku 120, halafu unalipa dola 50 nyingine kupeleka uthibitisho. Tukatangaza. Mama akanunua gazeti, akakata kile kitangazo kidogo, akakiweka kwenye mkoba pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Jina lake halimo. Hakuna jina la ndugu yeyote humo. Lakini alikuwa anakitoa anawaonyesha wageni: "Hii ndiyo kampuni yetu."

Sheria ya jimbo inataka pia kitu cha tatu, na hiki ndicho tulichokiruka. Ndani ya siku 90 wanachama waandikiane mkataba wa uendeshaji: nani ana asilimia ngapi, nani anaamua, mtu akitaka kutoka inakuwaje, mtu akifa inakuwaje. Mkataba huo hupeleki kokote, unakaa nao mwenyewe, na hakuna afisa atakayekuja kuuliza uko wapi. Niliona habari zake wakati ule ule. Nikanyamaza. Mie niwaambie nini wakubwa zangu? Kumwambia Mjomba aandikiane na dada yake ni kumwambia kwamba hatumwamini. Kuuliza ikitokea mmoja amefariki ni uchuro. Nikafunga kompyuta nikaenda kulala.

Miaka ikaenda vizuri tu. Mama na sisi tukahamia ghorofa ya juu, chini kukawa na wapangaji. Mama alipaka rangi vyumba vyote, akawa anafagia theluji kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mjomba alitengeneza paa mwaka 2019 kwa pesa yake. Mwezi Desemba 2022, ile dhoruba ya Krismasi iliyoua watu zaidi ya arobaini huku kwetu, bomba likapasuka, na ni Mjomba aliyetembea kwa miguu kwenye theluji ya kiunoni kuja kufunga maji. Siwezi kumnyima sifa yake.

Basi bwana, bei za nyumba Buffalo zikapanda kweli kweli kuanzia 2020. Mwaka 2023 akaja mnunuzi na dola 140,000. Mjomba akasema tunauza. Mama akasema hatuuzi, mimi nakaa wapi? Mama Mdogo akauliza kwa simu, "Mkiuza, fungu langu ni ngapi?" Ndipo Mjomba akatoa neno lililotupasua: "Fungu gani? Kampuni ni yangu. Nyie mlinichangia."

Hapo ndipo lile neno la daftari liligeuka kisu. Kwetu mchango ni nini? Unachangia harusi, unachangia msiba, unachangia ada ya mtoto wa jirani. Hudai kitu. Ukidai, watu watakucheka. Mjomba alishika hapo hapo: wenyewe mmeandika mchango, hamkuandika hisa. Sheria ya New York nayo inalitumia neno hilo hilo, mchango, ila kwa maana iliyo kinyume. Kama hakuna mkataba, faida inagawanywa kwa thamani ya mchango wa kila mwanachama kama ilivyo kwenye kumbukumbu za kampuni. Yaani lile daftari la mraba la Mama lilikuwa na uzito kuliko cheti chenye nembo.

Lakini msishangilie mapema, kwa sababu sheria inasema mchango wa mwanachama, na Mjomba naye alikuwa na karatasi yake. Mtayarishaji wetu wa kodi alikuwa ameingiza mapato yote ya nyumba kwenye kodi ya Mjomba peke yake, miaka sita. LLC ya watu wengi kwa kawaida hujaza fomu 1065, na kila mwanachama hupewa K-1 yake. Sisi hatukuwahi kuiona K-1. Mahakama ya juu ya jimbo hili ilishasema mwaka 2009 kwamba mtu hawezi kuja kortini na maneno yanayopingana na alichowaapia watu wa kodi. Hizo fomu hazikuwa na saini ya Mama, lakini wakili wa upande wa pili angezipeperusha kama bendera. Na fomu ya kwanza ina saini ya nani? Yangu! Binamu mmoja alifikia kusema labda kampuni ni ya kwangu, maana ndiye niliyesaini. Tulicheka siku ile, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu.

Mwanasheria tuliyemwona alituambia ukweli. Mkienda kortini, jaji anaweza hata kuamuru kampuni ivunjwe, nyumba iuzwe, na mgawane kitakachobaki baada ya gharama. Mama akauliza, "Na undugu nao unauzwa?" Hakujibiwa.

Wenzetu wa Kenya mnaijua habari ya Tuskys. Baba alianza na duka dogo Rongai, Nakuru. Alipofariki mwaka 2002 aliwaachia watoto wake supamaketi iliyokuja kuwa moja ya kubwa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 ndugu wakafikishana mahakamani. Sisemi ugomvi peke yake ndio ulioiua, madeni nayo yalikuwepo, lakini kufikia 2021 maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Kama wenye supamaketi na mawakili wao walishindwa, sisi wa dabo moja ni nani?

Tulikaa Novemba 2023, pale pale ghorofa ya juu. Mama Mdogo alikuja kwa gari kutoka Columbus, Mjomba Mdogo akaendesha usiku kucha kutoka Louisville. Mzee mmoja wa kanisa alikaa katikati. Hakuhukumu. Alisema tu, "Leteni madaftari." Mama akaleta lake. Mjomba akaleta bahasha ya risiti: mbao za paa, fundi bomba, kodi ya ardhi ya jiji. Nikapewa kazi ya kuzisoma kwa sauti, moja ya huku, moja ya kule. Saa tatu nzima. Katikati ya kusoma niliona Mjomba anaziba macho. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alisikia siku ngapi dada yake alifagia theluji, maana Mama alikuwa ameziandika zote.

Tulipomaliza, Mjomba akapewa asilimia 46 badala ya 40, kwa ajili ya paa na kodi. Mama akabaki na 30, Mama Mdogo 16, Mjomba Mdogo 8. Nyumba haiuzwi mpaka wenye asilimia 75 wakubali. Na tuliandika lile la uchuro: mtu akifariki, fungu lake linakwenda kwa nani. Mkataba tuliuandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ili aliyesaini ajue alichosaini. Mtayarishaji wa kodi tukambadilisha.

Msidhani tumekula pilau tukasahau. Mjomba bado anakuja Jumapili, anasalimia, anaangalia tanuri la moto kule chini, anaondoka. Zamani alikuwa anakaa mpaka chai ya pili. Hicho ndicho kinachoniuma, kwa sababu miaka sita nyuma, usiku ule mezani, ningeweza kuuliza swali moja la dakika tano kabla hajavaa viatu vya kazi.

Wenzangu, sisi ndio makarani wa familia zetu. Fomu za benki, za kodi, za hospitali, zote zinapitia mikononi mwetu kwa sababu tumesoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama alikuwa na daftari na bado nusura ipotee, maana halikusema nani ana nini. Ukipewa fomu ya kampuni ya ndugu, uliza. Uliza kwa adabu, piga magoti ukitaka, lakini uliza siku ile ile, wakati bado wanacheka pamoja.