Safari ya Ubwari na blanketi la vipande

Wiki hii tunawapeleka Ubwari. Wengi wenu mnaiona kila asubuhi mkisimama kando ya maji hapa Baraka: ile milima mirefu ng'ambo ya ghuba. Ukiitazama kutoka huku utasema ni kisiwa. Hata Wazungu wawili, Burton na Speke, waliopita kwa mitumbwi mwaka 1858, waliiandika kuwa kisiwa. Kumbe Ubwari imeshikana na bara upande wa kusini. Ni ulimi wa nchi kavu unaoelekea kaskazini hadi Rasi ya Banza, upande mmoja ghuba yetu, upande mwingine Ziwa Tanganyika lenyewe.

Tulikwenda kwa harusi. Binti wa mwenzetu mmoja wa kikundi aliolewa huko, nasi tulikuwa wamama wanane: walimu, wakulima na wauza ndagala. Tulipanda boti ya injini pamoja na sabuni, sufuria na magunia ya unga. Katikati ya mizigo, ndani ya nailoni ili lisilowe, lilikuwa blanketi tulilolishona kwa mikono yetu.

Tuwaeleze blanketi hilo. Mafundi wa sokoni wakikata nguo hubakiwa na vipande vya vitenge ambavyo hawavihitaji. Tuliviomba, tukavifua, tukavikata vya kulingana, tukaviunganisha kwa sindano, kisha tukatia shuka zito chini yake. Tulishona kila Jumamosi mchana kwa miezi minne. Wengi wetu tulijifunza sindano ukimbizini, katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 wakati vita vilipotuvusha ziwa.

Lakini si vipande vyote vilitoka kwa mafundi. Kila mmoja wetu alileta kimoja cha kwake. Mama wa bibi arusi alikata pembe ya kitenge alichombebea binti huyo mgongoni, siku waliporudi nyumbani kwa meli kutoka Kigoma. Safari hizo za kurudi Baraka zilianza mwaka 2005, na binti alikuwa bado ananyonya. Kipande hicho tulikiweka katikati.

Ubwari ilitupokea vizuri. Ndagala zilikuwa zimeanikwa mchangani, mashamba ya mihogo yamepanda hadi kwenye miteremko, na michikichi imejaa. Tulikula samaki wabichi kwa mawese na bugali mpaka tukashindwa kuinuka. Usiku taa za wavuvi zilienea ziwani kama mji mwingine. Mtu asiyejua kukaribisha wageni akajifunze kule.

Siku ya zawadi, msemaji wa sherehe alizitaja moja moja kwa sauti: mbuzi, godoro, sahani, fedha na jina la aliyezitoa. Zilipofika zetu alisema, "Na vitu vingine vya wamama wa Baraka." Basi. Nyuma yetu mgeni mmoja alimwuliza jirani yake, "Mbona wamemletea viraka?" Kesho yake tulipokwenda kuwaaga maarusi, kitanda kilikuwa kimetandikwa blanketi jipya la duka, lenye manyoya na picha ya simba. Letu lilikuwa limekunjwa chini ya masanduku.

Ndani ya boti hakuna aliyeimba. Mama wa binti alitazama maji njia nzima. Tulipofika, wawili kati yetu walisema hawatashona tena zawadi ya harusi. Afadhali tuchange fedha, zitatajwa. Maneno hayo yalikuwa mazito, kwa kuwa kushona pamoja ndiko kulikotuunganisha miaka yote hii. Ikiisha Jumamosi ile, kikundi kitabaki kuwa daftari la michango tu.

Katika mazungumzo yetu, mwalimu mmoja alitukumbusha Wakuba wa Kasai, katika nchi yetu hii hii. Kule wanaume hufuma kitambaa cha nyuzi za rafia, na wanawake hukidarizi. Kitambaa kimoja huweza kuchukua miezi mingi. Sketi ndefu za sherehe hushonwa vipande vipande na wanawake wengi wa ukoo mmoja. Rafia hupondwa ili ilainike, na mara nyingine hutoboka. Tundu hufunikwa kwa kiraka, na viraka hivyo vimekuwa pambo. Vitambaa vyao vilivyokusanywa na Torday mwaka 1907 hadi 1909 vimehifadhiwa London, katika British Museum. Na mtu akifariki, ndugu hutoa vitambaa bora azikwe navyo. Kazi ya miezi mingi huenda kaburini, wala hakuna anayesema imetupwa.

Kwa hiyo kiraka si aibu. Lakini kimya kinauma. Penye msiba wa Wakuba, waliopo wanajua kilichotolewa kina uzito gani. Kwetu, mbuzi anajieleza mwenyewe kwa mlio wake, na fedha inahesabika. Kazi ya mikono haina bei iliyoandikwa juu yake. Asiyeambiwa huona nguo kuukuu.

Wiki tatu mama hakumpigia binti simu. Halafu binti alipiga mwenyewe. Alisema mama mkwe aliogopa wageni wangedhani nyumba ni ya ufukara, ndiyo maana blanketi liliondolewa. "Usiku nalitoa, mama. Ndilo tunalojifunika." Mama alimwomba amwonyeshe mkwe wake kile kipande cha katikati na kumweleza habari za meli. Binti aliitikia. Zaidi ya hapo hatujasikia, na hatutauliza. Nyumba ile ni yake sasa.

Sisi tumekubaliana hivi. Tutaendelea kushona. Zawadi itakwenda na mama mmoja wa kuisemea mbele ya watu: nani alishona, kwa muda gani, na vipande vimetoka wapi. Ikishapokelewa, hatutakagua kitanda cha mtu.

Nanyi mnaopokea, hasa mama wakwe, tunawaomba kitu kidogo. Mkiletewa mkeka, kapu, kitambaa au blanketi la mikono, kishikeni kwa mikono miwili, kifungueni, mwulize aliyeleta, "Umekitengeneza vipi?" Hata msipokitandika, swali hilo litamtosha. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Na kupokea nako kunataka moyo.

Vikundi vya Baraka, Fizi na Ubwari, lizungumzieni jambo hili katika mkutano wenu. Jumamosi tunaanza blanketi jingine. Mwenye kipande chenye habari yake akilete.