Uvimbe Uliorudi Nyuma ya Goti

Mtoto wangu wa pili alikuwa na miaka sita nilipouona ule uvimbe. Ilikuwa 2014, nyumbani Rumonge, namwogesha jioni baada ya kushinda ufukweni na wenzake wakiokota ndagala zinazodondoka mitumbwini. Nyuma ya goti la kushoto palikuwa na kitu kama yai la njiwa. Nikabonyeza. "Inauma?" "Hapana, mama." Akakimbia zake. Mimi sikulala.

Majirani walikuwa na majibu mengi. Mmoja alisema amerogwa, mwingine akasema ni baridi ya ziwa, wa tatu alimjua mzee anayechanja kwa wembe. Mzee nilimkataa, nikaenda hospitali. Kwetu Burundi matibabu ya watoto chini ya miaka mitano ni bure tangu 2006, lakini wangu alikuwa ameshapita. Nikauza madumu ya mawese niliyoyaweka kwa ajili ya mabati, na baba yake akakopa kwa mwenye mtumbwi. Mtoto akapasuliwa, akashonwa nyuzi nane.

Hakuna aliyeniambia kabla kwamba uvimbe wa namna hii unaweza kurudi. Baada ya miezi mitano ukarudi palepale, kando ya kovu. Nililia kuliko mara ya kwanza, maana sasa tulikuwa na uvimbe na deni.

Deni hatukulimaliza. Mei 2015 tulikimbia, tukapitia Kagunga, ule ufukwe mwembamba kati ya mlima na maji, kipindupindu kikiwa kimeshaingia. Nilimbeba mgongoni mtoto wa miaka saba kwa kuogopa goti lake, na yeye ananung'unika anataka kutembea. Tukapanda Liemba hadi Kigoma, kisha basi hadi Nyarugusu.

Kliniki ya kambini nilienda na neno moja tu: rufaa. Nilitaka apasuliwe tena, safari hii na daktari mkubwa. Kijana aliyetupokea akasema, "Kaa kwanza, mama." Akamwambia mtoto anyooshe mguu: uvimbe ukawa mgumu. Akunje: ukalainika. Akafunga dirisha, akawasha tochi, akaigusisha kwenye uvimbe. Ukang'aa wote, kama karabai za wavuvi usiku ukiwa juu mlimani.

"Mwanga unapita kwa sababu ndani ni maji," akasema. Akanieleza kwamba nyuma ya goti, katikati ya misuli, kuna kifuko kidogo cha ute unaolainisha. Kikijaa kinavimba. Ukikivuta maji kwa sindano kinajaa tena, na hata ukikikata kinaweza kurudi. Daktari Baker wa London aliuandika uvimbe huu mwaka 1877, ndiyo maana unaitwa kwa jina lake. Kwa watu wazima mara nyingi goti lenyewe ndilo linaumwa. Kwa watoto mara nyingi goti ni zima, na uvimbe huisha wenyewe, ila huchukua miezi, hata miaka. Na hapo nyuma ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu na neva za mguu, kwa hiyo kisu si cha kukimbilia.

Nilikasirika. Nilimwambia wazi: "Unaninyima karatasi kwa sababu mimi ni mkimbizi." Hakunijibu kwa hasira. Akasema, "Angekuwa wangu ningesubiri hivihivi. Lakini nitakwambia tunasubiri nini." Akanitajia: ukiuma, hasa usiku; ukiwa mwekundu na homa; ukikua haraka; ukiwa mgumu na mwanga haupiti; mtoto akichechemea au mguu ukifa ganzi. Lolote kati ya hayo, njoo siku hiyo hiyo, na rufaa nitaandika mwenyewe.

Nikarudi nyumbani na uzi. Kila mwisho wa mwezi nilizungusha uzi kwenye goti, nikafunga fundo pale unapokutana. Miezi mingi mafundo yalikaa mahali pamoja, nikawa karibu kukata tamaa. Halafu yakaanza kusogea. Alipokaribia miaka tisa, goti la kushoto na la kulia yalilingana.

Nawaandikia wazazi wenzangu ili wasikimbilie wembe, na wasikae na uvimbe bila kumwonyesha daktari. Nawaandikia pia ninyi mnaotuhudumia. Sisi neno "subiri" tumelisikia kwenye foleni ya posho, kwenye foleni ya maji, na kwenye majibu ya karatasi zetu. Mara nyingi maana yake ni "ondoka". Mkitwambia tusubiri, tuambieni tunasubiri nini, na lini tuache kusubiri. Yule kijana alitumia dakika kumi tu.

Mwanangu siku hizi anacheza mpira. Kovu bado liko. Deni la Rumonge nalo bado liko.