Pampu Haijafa

Ufundi niliupata Keko, Dar es Salaam, kwenye kibanda cha mzee mmoja aliyetengeneza pasi, feni na redio. Mashine za kufulia hatukuzigusa. Zilikuwa kwenye nyumba chache, na wenye nazo walikuwa na mafundi wao. Zilipoanza kuingia kwa wingi zikiwa zimetumika, nyingine na soksi ya mwenyewe wa huko zilikotoka bado imenasa kwenye raba ya mlango, mzee akasema hataki kazi inayochanganya umeme na maji. Nikazichukua mimi, na ndizo zilizosomesha watoto wangu.

Magonjwa yake ni mengi, lakini linaloniita usiku usiku ni moja: maji hayatoki. "Fundi, imegoma." Sare za shule zimelowa humo ndani, mlango haufunguki, kesho Jumatatu. Mashine ya mlango wa mbele haiachii kitasa maji yakiwa bado yamejaa, na ingeachia sebule ingegeuka Jangwani ya masika, ila mtu mwenye haraka humwelezi hivyo akakuelewa. Kwenye kioo huwa pameandikwa kitu. LG huandika OE, Bosch E18, Samsung 5E, ambayo wengi huisoma SE. Zote zinakwambia maji yameshindwa kutoka, sababu hazikwambii. Hapo ndipo baadhi ya wenzangu huiua pampu kwa mdomo. Hawajainama, hawajafungua hata skrubu: "Pampu imekufa, toa hela niende Kariakoo."

Mimi huanza kwa kuuliza kama mashine imehamishwa. Ikisogezwa kwa ajili ya kupaka rangi au kudeki, mpira wa nyuma hubanwa na ukuta ukajikunja, basi, hapo hamna tena pa kupita maji. Wengine huutundika dirishani. Pampu ile ni ndogo, wati 30 hivi, na watengenezaji wengi hutaka mdomo wa mpira uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Dirishani ni mbali.

Nikishachomoa plagi, nauteremsha mpira mpaka kwenye beseni lililokaa sakafuni. Maji yakishuka yenyewe, njia iko wazi, na sasa nina haki ya kuishuku pampu. Yakigoma, kuna kitu kimekaa njiani. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na ndicho kilichonipa jina Tabata na Sinza wakati sina hata mita ya maana.

Filta huwa chini kabisa, mara nyingi kona ya kulia, nyuma ya kijimlango. Kama mashine ilikuwa inafua kwa maji ya moto, ngoja yapoe; nyuzi 60 zinababua. Beseni halipiti pale chini, kwa hiyo naomba sinia na matambara, nafungua kidogo, nafunga, namwaga, nafungua tena. Kazi ya kuchosha magoti. Lakini humo ndimo nilimowajua watu. Sarafu, vifungo, pini za hijabu, kokwa za ubuyu, laini za simu, hereni moja isiyo na mwenzake, waya wa sidiria uliopenya tundu la ngoma. Waya huo naufunga kwenye tambara, namkabidhi mama mwenye nyumba bila neno, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni nini.

Upanga nilimkuta mama ameshakata kesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu ndiye aliyeiua, anashindilia nguo kama gunia la mkaa."

Dada wa kazi alikuwa amesimama mlangoni, macho chini. Nikapiga magoti, nikafungua. Feni ya pampu ilikuwa imekabwa na vijiti vya kuchokolea meno, rundo zima, vimelainika na kushikana na nyuzi. Baba alikuwa sebuleni anaangalia mpira, kijiti mdomoni. Nikasema tu, "Mama, hivi huingia na mifuko ya mashati." Alivitazama kwenye kiganja changu, akatazama sebuleni, akaita, "Baba Neema! Njoo uone!" Nilijifanya natafuta bisibisi. Yule dada hakucheka mbele yao, lakini chai aliyoniletea ilikuwa na maandazi.

Kuna nyumba ambazo hamna kitu kwenye filta na pampu inanguruma vizuri, maji yapo palepale. Huko naulizia sabuni. Unga wa kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, pampu inabaki kupiga povu badala ya kusukuma maji. Halafu ipo pampu iliyokufa kweli. Koili yake nzima husoma kama omu 150 hadi 200. Mita isiposoma chochote, imekatika, na sina cha kuitetea. Vijana ninaowafundisha huizungusha feni kwa kidole, wakihisi inasitasita wanatangaza kifo. Ndani mna sumaku, lazima isitesite.

Ugomvi wetu mkubwa na wateja uko kwenye bei. Ukibadilisha pampu, mtu analipa huku anashukuru, maana ameona kitu kipya kwenye boksi. Ukitoa vijiti vya meno kwa dakika ishirini, anakuuliza, "Hiyo tu?" Kwa hiyo soko lenyewe linamlipa mwongo kuliko mkweli, na simshangai sana kijana mwenye kodi ya nyumba akishawishika. Dawa niliyoipata si kuhubiri uaminifu. Hela ya kufika naitaja kwenye simu kabla sijapanda bodaboda: shilingi 20,000, nikikuta pini au nikikuta msiba. Pampu nikiibadilisha, ile ya zamani naiacha mezani, mwenyewe akaipimishe kwa fundi yeyote amtakaye.

Wapo wanaonikatia simu hapohapo. Baadhi yao hupiga tena keshokutwa, maji yakishaanza kunuka.